Pacha wa Aluminiamu

Kwa wale mliofungia karanga gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nimewasamehe, na ninawafupishia.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na sita, mwenye akili timamu na adabu ya kutiliwa shaka. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa muhula mzima, kwa kosa la kuung'oa ulimi wa kengele ya shule asubuhi ya mtihani na kuuzika ndani ya pipa la unga. Kamba ilivutwa, kengele ikayumba, sauti haikutoka. Kidato kizima kikalala hadi saa tatu. Mwalimu Mkuu aliandika barua ya kurasa mbili ambamo neno "aibu" lilitokea mara tisa.

Mama alipomaliza kulia alinipeleka kwa kaka yake, yaani Mjomba wangu, mwenye yadi ya vyuma chakavu.

"Mfanyishe kazi mpaka akome," alisema.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee, na anayetaka kucheka acheke mapema.

Katika yadi ya Mjomba hakuna kipande kilichopita bila kwanza kupita mikononi mwa Bibi. Bibi ndiye aliyemzaa Mjomba, akamzaa na mama yangu. Alikaa juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari la zamani, chini ya paa la bati, na shingoni alivaa sumaku iliyofungwa kwa waya. Mafundi walivaa glovu. Bibi mikononi hakuvaa kitu. Alisema glovu ni kama kula na soksi mdomoni.

"Mume wangu," aliniambia siku ya kwanza, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "kinachonata kwenye sumaku ni chuma, kitupe kushoto, hakina maneno. Kisichonata ndipo kazi inapoanza."

Akanifundisha. Shaba nyekundu unaikwaruza, inakuonyesha rangi yake bila kona. Shaba ya njano unaigonga, inalia kama kengele, na hapo alinitazama kwa jicho moja. Risasi inaacha weusi vidoleni, ukiishika usile mpaka unawe. Aluminiamu ni nyepesi, nyeupe, mpole. Hiyo ndiyo iliyokwenda tanurini, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu za mchanga, ikatoka sufuria.

"Sasa huyu," alisema akiinua kipande cha kijivu, "ni Pacha. Mweupe kama aluminiamu, mwepesi kama aluminiamu, sumaku haimtaki vilevile. Lakini ukimtia tanurini anawaka."

"Bibi, chuma kinawakaje?"

"Wewe shule ulikwenda kufanya nini? Kula?"

Akakwaruza kipande kwa tupa mpaka kikang'aa. Akachukua chupa nyeusi ya plastiki, iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, akadondosha tone moja la siki. Akahesabu taratibu. Hakufika hata tatu, povu likachemka pale penye tone.

"Umemwona? Akitoa povu, ni yeye. Mweke peke yake, pakavu, mbali na moto. Ukihesabu mpaka kumi na hajasema kitu, mpige chaki msalaba aende tanurini."

Kipande kile alikitunza miaka mingi kwa kufundishia. Katika wiki tatu zilizofuata nilimwona akidondosha siki kwenye mamia ya vipande, na hakuna hata kimoja kilichotoa povu. Kila kipande tone moja. Kila tone hesabu ya kumi. Nikakokotoa muda unaopotea kwa wiki, nikamletea jawabu kwenye karatasi.

"Bibi, kwa mujibu wa sayansi, hii hatua inaweza kuondolewa."

"Kwa mujibu wa sayansi," alijibu bila kuinua kichwa, "hapo ulipokaa pana kinyesi cha paka."

Palikuwa nacho kweli. Yadi nzima ilicheka mpaka mizani ikatikisika. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi wa tanuri, jitu kubwa waliloliita Mkaa, ambaye huimba kutwa nyimbo asizozijua maneno. Ni yeye aliyenipa jina Profesa siku ile, na nilipojifuta suruali aliniletea kitambaa na kuinama kama mhudumu wa hoteli.

"Karibu chuo kikuu, Profesa."

Ndugu wasomaji, mtu mzima angecheka pamoja nao yakaisha. Mimi nilikwenda kupanga.

Jumatatu, Bibi alipokwenda kula, niliimwaga siki yote kwenye mtaro na kutia maji ya bomba. Niliyatia mpaka kimo kilekile siki ilipokuwa, maana katika kazi zangu huwa naheshimu vipimo. Harufu haikunitia wasiwasi. Miaka thelathini ya moshi wa nyaya zinazochomwa iliua pua ya Bibi, hata kitunguu akikila anasikia utamu tu.

Mpango ulikuwa huu. Jumamosi, kazi ikiisha, ningepanda juu ya mizani na kutangaza mbele ya wote kwamba siku sita nzima Bibi amekuwa akibatiza vyuma kwa maji, na dunia haijaisha. Hotuba niliiandika. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na shukrani kwa paka.

Jumanne hakuna kilichotokea. Jumatano hakuna kilichotokea. Kila Bibi alipodondosha tone na kuhesabu, mimi niliuma shavu kwa ndani.

Alhamisi asubuhi gari likaleta mabaki ya kiwanda cha mbao kilichofungwa. Visu, minyororo, na misumeno ya injini kumi na moja, ile ya kukatia magogo, iliyokufa. Mafundi wakaifungua. Mifuniko na maganda ya injini yakaletwa kwa Bibi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa mkononi kimojakimoja.

Sumaku haikunata. Tupa. Tone. Hesabu. Chaki.

Akashika ganda moja akalipima kwenye kiganja. Akalipima tena.

"Huyu mwepesi mno," alisema. "Huyu ananitia shaka."

Akakwaruza sehemu mbili. Akadondosha matone mawili. Akahesabu mpaka kumi, kisha, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akahesabu kumi nyingine. Nami pale pembeni nilikuwa nimefumba mdomo kwa kiganja, machozi ya kicheko yananitoka.

"Haya," alisema mwishowe. "Siki haijawahi kunidanganya."

Akalipiga msalaba.

Saa sita kasoro Mkaa aliita mzigo. Mimi ndiye niliyeupeleka, kwa toroli.

"Profesa, umekuja kupima joto?"

"Nimekuja kukusikiliza ukiimba, nipate sababu ya kurudi shule."

Alicheka. Alikuwa amezoea kunifundisha pale tanurini, namna ya kushika koleo, namna ya kusimama upande usioelekea mdomo wa moto. Siku nikizeeka, alikuwa akisema, wewe ndiye utakayenishikia koleo hili. Akachukua maganda yale mawili mawili, akayatumbukiza kwenye chungu cha kuyeyushia. Akaendelea kuimba.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mwanga uliotoka mle haukuwa wa moto. Moto naujua, ni mwekundu, ni wa njano. Huu ulikuwa mweupe, mweupe wa kuumiza, paa la bati likageuka jeupe, nyuso za watu zikageuka nyeupe. Na mimi, nikiwa nimesimama hapo, nilikumbuka maabara ya kidato cha pili. Mwalimu ameshika utepe mdogo kwa koleo, anatuambia tusiutazame moja kwa moja. Magnesiamu. Utepe wa inchi mbili, na darasa zima tukapiga makofi.

Hapa lilikuwa ganda zima la msumeno.

"Mchanga!" Mkaa alipiga kelele. "Leteni mchanga mkavu!"

Kitabu chetu cha kemia kimeandika kwa herufi nzito kwamba moto wa magnesiamu hauzimwi kwa maji. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote. Sasa nawaambia kwamba kichwa changu kilikuwa kinalisoma jibu lile, na mikono yangu ilikuwa tayari imebeba ndoo ya maji.

Mkaa aliniona. Alikuwa na beleshi la mchanga mkononi, alikuwa karibu kulimwaga. Akalitupa. Akanijia kwa bega, akanipiga kikumbo nikaanguka chali, ndoo ikaruka, maji karibu yote yakamwagika chini.

Karibu yote. Kiasi cha kikombe kilifika.

Mlio sikuusikia vizuri. Niliona tu mgongo wake. Alikuwa amesimama kati yangu na tanuri, na kila kilichoruka kutoka mle kilimkuta yeye kwanza.

Walimbeba kwa gari la Mjomba. Bibi alipanda naye nyuma, amempakata kichwa kama mtoto mchanga. Mafundi wengine walifukia moto kwa mchanga, kisha wakafuata kwa miguu. Kila mmoja aliyenipita alinigusa begani.

"Pole, kijana. Ulitaka kusaidia. Hukujua."

Nilibaki peke yangu na chupa.

Ilikuwa pale pale kando ya kiti. Niliitazama kwa muda. Kisha nikaikimbiza dukani ng'ambo ya barabara ndani ya shati, nikamwaga maji yaliyobaki, nikanunua siki, nikaijaza. Siki ilinimwagikia vidoleni, nikaendelea kutia mpaka ikafika shingoni mwa chupa. Nikairudisha mahali pake. Nilijiambia kwamba narekebisha kosa.

Mnaonisoma, mimi nimewahi kudanganya walimu, mapadri, masheikh na matroni. Lakini uongo mchafu kuliko wote ni ule niliojiambia mwenyewe pale, na hakuna aliyekuwepo wa kuuamini isipokuwa mimi.

Jioni Mjomba alirudi na Bibi. Shati la Mjomba lilikuwa na masizi, uso umekauka. Mafundi walisimama mlangoni.

"Macho?" mmoja aliuliza.

"Wameyafunga. Na mikono. Hawasemi kitu."

Hakukaa. Alikwenda kwenye rundo, akachukua ganda moja lililobaki la misumeno ile, lenye msalaba wa chaki. Akalikwaruza. Akachukua chupa kando ya kiti, akadondosha.

Povu lilichemka kabla hajainua mkono.

Mjomba alidondosha tena, mahali pengine, kama mtu anayeomba awe amekosea. Likachemka tena.

"Mama," alisema.

"Naona."

"Siki ni nzima, mama."

"Nimeona, baba. Nipe hiyo chupa."

Akampa. Bibi aliishika kama anavyoshika kila kitu, kwenye kiganja, akiipandisha na kuishusha kidogo. Aliipima hivyo kwa muda mrefu. Akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga.

"Basi ni mimi," alisema. "Macho yamechoka. Nimemchoma mtoto wa watu."

Nikashusha pumzi. Andikeni hilo mahali: niliposikia bibi yangu akijitia hatiani, nilishusha pumzi.

Mjomba alifunika uso kwa viganja. Kumwambia fundi kwamba kazi imekwisha, anajua, ameshafanya. Kumwambia mama yake hakujua aanzie wapi, na Bibi akamsaidia. Alivua sumaku shingoni.

"Njoo hapa, mjukuu."

Hakusema mume wangu. Nilidhani ni uchungu.

"Kuanzia kesho utakaa wewe," alisema, akanivisha. Waya ulikuwa bado una joto lake.

"Mama, huyu?" Mjomba aliuliza. "Huyu wa kengele?"

"Huyu. Ana macho mazuri. Alikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, ameona kila kitu."

Ijumaa nilikaa kwenye kiti cha Bibi. Nilikwaruza, nikadondosha, nikahesabu mpaka kumi kwa kila kipande, na kwa vipande vingine nikahesabu mpaka ishirini. Hakuna aliyetania. Hakuna aliyeimba. Mafundi walizungumza chini chini wakila, wakidhani siwasikii.

"Ajuza alitakiwa apumzike zamani."

"Mwenzetu ana watoto wawili. Atawatazama na nini?"

"Aibu ya kumwambia mzazi ndiyo imetufikisha hapa."

Ningeweza kusimama. Mizani ilikuwa pale pale, hatua nne. Hotuba ilikuwa mfukoni mwa suruali, na hoja zake tatu na shukrani kwa paka.

Nyumbani Bibi alikuwa amekaa jikoni. Nilimkuta amevitoa vijiko vyote kwenye kopo. Anachukua kimoja, anakigonga mezani, anasikiliza, anakiweka upande. Anachukua kingine.

"Bibi, unafanya nini?"

"Mikono inauliza kazi," alisema. "Naidanganya."

Akaendelea kugonga. Akimaliza anavichanganya vyote upya, anaanza tena. Niliingia chumbani, nikalala na viatu, na sumaku ikanata kwenye ndoano ya mkanda wangu, nikawa nimejikunja hivyo hivyo mpaka asubuhi kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuibandua.

Jumamosi, siku ya hotuba, nilikwenda hospitali.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili vya chuma, na harufu ya sabuni ya kudekia. Mkaa alikuwa cha mwisho, karibu na dirisha asiloweza kuliona. Kichwa kimefungwa bandeji, pua na mdomo tu nje. Mikono miwili imefungwa mpaka imekuwa kama ya bondia.

Nilisimama.

"Nani hapo?" aliuliza. "Anayevuta pumzi kama anaiiba?"

"Mimi."

"Profesa! Shikamoo umeimeza?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, kama kuna pa kukaa. Mimi sijui, nimehamia gizani." Akainua kidevu. "Uliumia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Kiwiko tu. Nilipoanguka."

"Basi vizuri," alisema, na alimaanisha. "Nilikupiga kikumbo kikubwa, nilikuwa na wasiwasi."

Nilitazama vidole vya miguu yake vilivyochomoza nje ya shuka.

"Bandeji ya macho wanaifungua Jumatatu," alisema. "Daktari anasema labda mawili, labda moja, labda tutazungumza. Sikupenda hiyo ya kuzungumza." Akageuza kichwa upande wangu. "Sogea. Nina jambo, na ukitoka hapa usilitangaze. Mtu aliyefungwa macho hana kazi ila kufikiri, na mimi siku mbili nimefikiri kuliko maisha yangu yote, kichwa kinauma."

"Jambo gani?"

"Alhamisi asubuhi nilikuwa na yai la kuchemsha. Mimi yai huwa silili bila siki. Na siki naiba ya Mama, kila nikipata yai, ile ya chupa nyeusi. Bibi yako anajua, anajifanya hajui. Alhamisi nikalidondoshea. Haikuwa na ladha, Profesa. Nikadhani nina mafua. Nikala, nikaenda kazini."

Sumaku shingoni mwangu ilikuwa nzito kama tofali.

"Sasa jana bosi alikuja. Ananiambia Mama amekosea, siki waliijaribu jioni, ni nzima, imechemsha povu. Nikasema hewaa. Asubuhi chupa ina maji. Jioni chupa ina siki. Basi kuna mtu aliyatia na kuna mtu aliyatoa. Na mimi naona ni mtu mmoja." Akacheka kidogo, kicheko kikamuumiza. "Naona. Namna ya kusema tu."

"Una hakika?" niliuliza. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Ulimi wangu haukuungua. Yale yalikuwa maji. Nimemtuma mke wangu kwa bosi, waje leo yeye na Mama, nimwambie Mama mwenyewe. Sitaki yule mzazi azikwe akidhani amenichoma mimi. Lakini nani atamwamini mtu kwa ajili ya yai?" Akainua mkono mmoja uliofungwa, akauelekeza mahali alipodhani nipo. Alikosea kidogo. "Wewe sasa ndiye unakaa kile kiti. Wewe ulikuwa unampa vipande. Utanisaidia kumtafuta."

Kabla sijajibu nilisikia kandambili kwenye korido. Nazijua. Zinaburuza ya kushoto.

Bibi aliingia peke yake. Mjomba alikuwa amezuiliwa mlangoni na muuguzi, wanaandikisha majina. Bibi hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani, akaushika mguu wa Mkaa kwa viganja viwili.

"Mwanangu."

"Mama, umefika. Nisikilize kabla hujalia. Hukunichoma wewe. Ile siki ilikuwa maji."

"Najua," alisema Bibi.

Mimi nilishika chuma cha kitanda.

"Unajua?"

"Chupa yangu asubuhi ile ilikuwa chini ya nusu. Jioni mwanangu alinipa mkononi imejaa mpaka shingoni. Siki haizai."

"Basi na mtu unamjua."

"Namjua."

"Sasa Mama, mbona ulisema ni wewe? Yadi nzima inakusema!"

Bibi alikuwa anaupapasa mguu wa Mkaa taratibu, kama anayepima ni wa madini gani.

"Wewe unaijua kazi yangu," alisema. "Ukishadondosha tone hukimbilii kusema. Unakipa kitu nafasi kiseme chenyewe. Mimi nilimvisha sumaku. Nikakaa. Jana nikasubiri, leo asubuhi nikasubiri." Hapo ndipo alipoinua macho akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Hayakuwa macho yaliyochoka hata kidogo. "Bado sijaona povu."

Mkaa aligeuza kichwa kuelekea kwake, kisha, polepole, kuelekea mahali aliposikia pumzi yangu. Ningependelea anitukane.

Mjomba aliingia, ana funguo za gari mkononi.

"Samahani, yule muuguzi ana maswali kama polisi." Akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Mbona mmenyamaza hivi?"

Bibi alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza.

"Moja," alisema. "Mbili."

"Mama, unahesabu nini?"

"Tatu."

Mjomba alinitazama mimi. Nilitazama dirisha. Uongo ulikuja kichwani, tena wa aina nzuri, uliokamilika: dereva wa gari la kiwanda cha mbao, wivu, mtu niliyemwona akizunguka karibu na kiti. Ulikuja wenyewe, una utangulizi na hoja tatu. Nilikuwa na muda wa kuusema.

"Sita," alisema Bibi. "Saba."

Nilivua sumaku. Ikaniponyoka, ikarukia chuma cha kitanda na kunata hapo, ta! Mkaa alishtuka mwili mzima.

"Mjomba," nilisema. "Maji niliyatia mimi. Na siki niliitia mimi."

Funguo zilianguka sakafuni. Bibi aliacha kuhesabu.

"Umesema nini?" Mjomba alinong'ona. "Rudia."

Lakini aliyeinuka alikuwa Mkaa. Alijisukuma kwa viwiko mpaka akakaa, akageuza uso wake wa bandeji upande wangu, na safari hii hakukosea hata kidogo.

"Asirudie kwako, bosi," alisema. "Arudie kwangu. Njoo hapa, Profesa. Karibu kabisa, nikusikie vizuri."

Akainua mkono wake wa kulia, ule mkono mkubwa uliofungwa, akaushikilia hewani. Sikujua kama ni wa kunishika au wa kunipiga.

Nikasogea.